Sukari Isiyobanduka

Wanangu mnaoingia maabara leo, mnakuta mashine imekaa mezani kama bibi harusi. Mnaipa tyubu ya damu, inameza, inatema jibu, nanyi mnarudi kwenye simu zenu. Siwaonei wivu. Ila nataka mjue kwamba jibu hilo zamani lilikuwa na mikono ya watu, na mikono mingine ilikuwa yangu. Nimefanya kazi katika maabara ya hospitali moja huku Mbozi tangu tukiitwa Mkoa wa Mbeya mpaka nikastaafu, na kazi niliyoizoea kuliko zote ni ile ambayo mashine yenu inaifanya ikiwa imejifungia ndani: kuiandaa damu ili ionekane sukari iliyong'ang'ania kwenye protini yake.

Aliyenifundisha alikuwa mkuu wa maabara, Mzee Elia Nzunda, Mnyiha wa Isansa, mrefu, mkavu, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Alikuwa mkali wa maneno, si wa moyo. Ukiitikisa tyubu kwa nguvu utamsikia nyuma yako: "Lusia, unatwanga mahindi? Hizo chembe zina ngozi kama wewe." Enzi hizo tulivuta damu na dawa kwa mdomo, kupitia pipeti ya kioo. Kijana mmoja mgeni kutoka chuoni alivuta kwa pupa akameza damu ya mgonjwa. Mzee akamtazama, akamwuliza, "Chumvi ilitosha?" Tulicheka mpaka tukashika meza. Halafu Mzee akavua koti, akaenda mwenyewe kwa daktari kumwombea yule kijana aangaliwe kwa karibu, maana ndiyo ilikuwa miaka ya ule ugonjwa wa kukondesha, usio na dawa bado, na huko Tunduma seremala wa majeneza hakuwa na Jumapili. Kijana alipona hofu yake. Lakini nataka mwone tulivyokuwa: kicheko na msiba vilikaa benchi moja.

Nilipoanza kazi, sukari ilikuwa kitu cha kupangia foleni duka la kaya. Mtu akiipata anaificha uvunguni, anaikoroga kwenye chai akija mgeni wa heshima. Baadaye milango ikafunguliwa. Sukari ikavuka kutoka Zambia juu ya baiskeli, soda zikafika mpaka Itaka ndani, na kila kona ikawa na mama wa maandazi. Hatukuona ubaya, nani angeona? Watu walikuwa wametoka kwenye njaa ya vitu vitamu. Lakini wagonjwa wa kisukari, ambao zamani tulikuwa tukiitana kwenda kuwatazama kwa jinsi walivyokuwa wachache, wakaanza kujaza benchi la nje.

Nao walikuwa wajanja. Kipimo cha kidole kinasema sukari ya saa ile tu, na wenyewe walishalijua hilo. Mama mmoja wa Ruanda, hii ya hapahapa Mbozi, aliniambia bila haya, "Mwanangu, mimi kliniki ikikaribia nakunywa maji matupu tangu juzi yake, daktari asinigombeze." Kidole chake kilikuwa safi kila mara. Miguu yake ilikuwa inakufa ganzi.

Ndiyo maana daktari wetu alipopata mradi wa kutuletea kipimo kipya, alituita akatueleza kama mtu aliyeokota almasi. Ndani ya chembe nyekundu mna protini inayobeba hewa, himoglobini. Sukari ikizidi kwenye damu inajibandika kwenye protini hiyo, na ikishajibandika haibanduki mpaka chembe yenyewe ife, baada ya miezi kadhaa. Basi ukifunga siku mbili ukamdanganya daktari, protini haijui kufunga. Inasimulia msimu mzima.

Kazi ilikuwa katika kuiandaa. Nisikilizeni, hata kama hamtaifanya kamwe. Damu unaiweka kwenye tyubu yenye dawa ya kuizuia isigande. Unaizungusha kwenye sentrifuji mpaka chembe zikae chini, unayaondoa majimaji ya juu, unaziosha chembe kwa maji ya chumvi, kwa upole, mpaka maji ya juu yawe maangavu. Kisha unazipasua kwa dawa ili protini itoke. Hapo usiwe na haraka, kwa sababu kuna sukari nyingine mzururaji, imejishikiza tu haijaota mizizi; isubiri iachie, ama sivyo itakuongopea. Halafu unachanganya na punje laini, mfano wa unga wa dona uliolowa. Punje hizo zinaikamata protini isiyo na sukari. Ile yenye sukari zinashindwa kuishika, inabaki kwenye maji. Unayachuja yale maji, unayainua dirishani. Ya mtu mwenye afya yana wekundu wa mbali sana, kama maji uliyosuuzia kikombe cha rozela, ile juisi nyekundu. Ya mgonjwa ni rozela yenyewe. Baada ya hapo ndipo kolorimita, kile chombo cha kupima rangi, inakupa namba, lakini jicho limeshajua.

Na chumba kisiwe baridi. Mnaujua mwezi wa sita wa Mbozi. Punje zile zikipoa hazifanyi kazi sawasawa. Tulikuwa tunawasha jiko la mkaa koridoni, mlango wazi, tunasubiri kipimajoto kipande kama watu wanaosubiri maharage. Na mgonjwa aliyeongezewa damu juzi, msimpime hicho kipimo. Mzee alikuwa anasema, "Utakuwa unapima chai ya jirani."

Sasa, kila kazi ya namna hii inahitaji kipimo cha kulinganishia: damu ambayo unajua kabisa kwamba ni nzima, uipitishe pamoja na za wagonjwa, ikitoka vibaya ujue umekosea njiani. Vichupa vya kulinganishia vilivyokuja na boksi letu vilifika vimepasuka. Boksi lenyewe lilikuwa na safari yake: dereva wa lori alisahau kulishusha kwetu, akalipitisha hadi Tunduma, likakaa juani kwenye foleni ya malori ya mpakani mpaka alipokumbuka. Mzee akasema hakuna neno, tutatumia damu ya mtu mwenye afya. Akakunja mkono wa shati. "Toeni yangu. Mimi chai yangu haina sukari tangu ujana, na shamba nalima kwa mkono."

Damu yake ikatoka nyekundu kama rozela.

Tukasema tumekosea. Tukarudia. Ikatoka vilevile. Tukabadilisha maji safi ya kuchanganyia dawa, maana siku hizo umeme ulikuwa unakatika tukiwa katikati ya kuyasafisha. Tukaziosha pipeti upya. Tukahamisha meza mbali na jiko. Tukaosha chembe kwa upole wa kumwosha kichanga. Kila mara za wagonjwa zinatoka nyekundu, na ya Mzee inatoka nyekundu pamoja nazo, na kama ya kulinganishia ni mbaya, huna ruhusa ya kuamini hata moja. Majibu yote tukayaweka kando. Daktari alikuwa anakuja mlangoni, anatutazama usoni, anaondoka bila kuuliza.

"Boksi limeiva kule mpakani," Mzee akasema mwishoni. "Tulirudishe."

Wiki ile Mzee aliitwa kikaoni Mbeya. Nikabaki na yale mabaki ya punje. Nikawaza: kabla ya kulirudisha, nijaribu mara moja kwa damu nyingine. Nikatoa yangu, nikatoa na ya Mama Tabu, mfuaji wa mashuka, mwanamke mwenye nguvu za kubeba mtungi wa maji kila mkono. Nikaandaa kama nilivyofundishwa. Nikayainua maji yote mawili dirishani. Yalikuwa karibu hayana rangi.

Nikakaa kwenye stuli. Boksi lilikuwa zima. Mikono yetu ilikuwa mizima. Ndipo yakanijia mambo niliyokuwa nayaona kila siku bila kuyaona: ile chupa ya maji ambayo Mzee hakuiacha, kule kutoka nje mara kwa mara, mkanda wa suruali alioutoboa tundu jipya kwa msumari.

Aliporudi nilimwamkia, akaitikia, akavaa koti lake jeupe. Nikashindwa pa kuanzia, nikaanzia kwenye kazi.

"Mzee, boksi halijaharibika."

"Nani kasema?"

"Nimetumia damu yangu, na ya Mama Tabu. Zote ni safi."

Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. "Basi yale majibu ya wagonjwa ni ya kweli. Mpelekee daktari."

"Na yako, Mzee?"

"Yangu siyo ya mgonjwa. Ilikuwa ya kulinganishia."

 Kesho yake alikuja asubuhi akiwa ametembea toka Isansa bila kula, akajitoboa kidole mbele yangu, akaniwekea kile kipimo mezani. Kilikuwa juu kidogo tu. "Unaona?" akaniambia. Nikamwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kidole kinasema cha leo. Akaifuta damu kidoleni, kisha akasema kitu ambacho sijapata kukisahau.

"Lusia, unajua ninavyokonda. Na unajua mtu akikonda huku kwetu wanasema nini. Mke wangu ananiangalia nikivua shati. Nilidhani ninao ule ugonjwa mwingine. Nimekaa mwaka mzima sitaki kuiuliza damu yangu neno lolote."

"Lakini siyo huo, Mzee. Huu una dawa."

"Nikiketi kwenye benchi la kisukari na mwili huu, nani atauliza ni dawa gani nimefuata?"

Hakuketi. Mkuu wa maabara, aliyewapima watu wa wilaya nzima, alikuwa anaondoka kazini anapita nyuma ya jengo asikutane na wagonjwa wa kliniki. Daktari alimfuata mara mbili nyumbani. Mzee alimpokea vizuri, akamkirimu ndizi, akamsindikiza. Alivuka hata mpaka, kwa mganga mmoja Nakonde, akarudi na mizizi ya kuchemsha. Mimi nilikuwa mdogo mno mbele yake, wanangu. Nilimsihi kadiri mtoto anavyoweza kumsihi baba, halafu nikanyamaza.

Buti la mpira lilimchubua kisigino akipalilia kahawa. Hakusikia maumivu, ndiyo ilivyo. Alipokuja kuvua soksi, kidonda kilikuwa kimeshafanya nyumba.

Sasa hapo ndipo likaingia jambo la shamba. Mzee na mdogo wake, Yotamu, walirithi kahawa ya baba yao ikiwa shamba moja. Ushirika ulipolegea na wanunuzi binafsi wakaja kila mmoja na mizani yake, kila ndugu akataka kuuza kwake, na mpaka kati yao, ambao baba yao hakuwahi kuuweka, ukawa ugomvi. Siku moja kilabuni, mbele ya watu, Yotamu alimwambia kaka yake, "Shamba hili hutalikanyaga tena." Maneno ya pombe. Lakini msimu haukuisha, Mzee akakatwa mguu Mbeya, chini ya goti, na kila aliyeyasikia maneno yale akayakumbuka.

Mtoto wake mkubwa, Obadia, alikuwa wakala wa mizigo pale mpakani Tunduma, kijana wa suti na simu mbili. Alikuja huko hospitalini Mbeya kumwona baba yake, akamkuta mama yake analia, na mimi, niliyekwenda kumjulia hali Mzee, nabadilisha maji yake ya kunywa. Akasema waziwazi, "Nimeshaongea na lambalamba. Wanakuja wiki ijayo. Baba mdogo atatapika alichofanya."

Mnawajua hao lambalamba, waganga wanaozunguka vijijini kufichua wachawi. Mwaka uleule kijiji cha jirani walimnyooshea kidole bibi mmoja, na vijana wakachoma nyumba yake na yeye akiwa ndani. Sikuwa nasimuliwa, waliomwopoa walimleta kwetu, na mimi ndiye niliyekwenda kutafuta mshipa wa kutolea damu nikaukosa.

Mzee alikuwa amelala amefumba macho. Tulidhani hasikii.

Baada ya kuruhusiwa, asubuhi moja pikapu ilisimama mbele ya maabara. Akashushwa Mzee na magongo yake, koti jeupe amelivaa juu ya sweta. Nyuma yake mkewe, Mama Obadia. Nyuma yake Obadia, uso umekunjamana. Na nyuma kabisa, peke yake, kama mtu anayepelekwa polisi, Yotamu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wape viti. Nataka waone kazi." Akaketi kwenye stuli yangu, akakunja mkono wa shati. "Toa yangu. Na safari hii andika jina langu."

Nilitoa. Nilipotaka kutoa na yangu, ya kulinganishia, Yotamu akaongea kwa mara ya kwanza.

"Chukua na yangu."

"Baba, hiki kipimo hakionyeshi uchawi," nikamwambia.

"Basi kionyeshe nilichonacho. Wote wananiangalia mimi. Kama kuna kitu ndani, kitoke."

Obadia akacheka puani. Mzee akasema, "Mtolee."

Niliandaa tyubu tatu mbele yao. Ilikuwa kazi ya muda, na Mzee aliieleza yote kwa Kinyiha, polepole, kama anayewafundisha watoto kupika: hapa tunaosha, hapa tunapasua, hapa tunasubiri ile inayozurura iachie. Mara moja tu alinikatiza: "Usiharakishe kwa sababu yangu." Sentrifuji ilikuwa inalia, na Mama Obadia alikuwa ameshika kitenge mdomoni. Nilichanganya na punje. Nilichuja. Nikazipanga kwenye ubao wa tyubu, nikausogeza dirishani kwenye mwanga.

Yangu ilikuwa kama maji.

Ya Mzee ilikuwa nyekundu. Akaielekezea gongo. "Obadia, huo ndio mguu wangu. Haukuanza kilabuni. Sukari hii ilijibandika nikiwa nakula, nikiwa nacheka, nikiwa nakataa kupimwa. Lusia aliiona kabla ya kidonda, kabla ya maneno ya shamba. Mwulize."

"Ni kweli," nikasema. "Niliiona."

Obadia hakunitazama. Alikuwa anatazama tyubu ya tatu. Sote tukaitazama. Ilikuwa nyekundu kama ya pili. Ukizichanganya usingejua ipi ni ya nani.

Yotamu akasogea mpaka dirishani. Alikuwa mzee wa miaka michache nyuma ya kaka yake, mnene bado, mwenye nguvu bado. Akainama, akazisoma zile tyubu kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo.

"Na mimi, Obadia," akauliza, "nani kaniroga?"

 Mama Obadia ndiye aliyeinuka, akamshika shemeji yake mkono, akamketisha kwenye kiti chake. Mzee akaegemea ukuta, amechoka. "Baba yetu alikufa anaomba maji," akasema. "Tulisema ni joto la homa. Shamba alituachia bila mpaka, tukagombana. Hiki ametugawia sawasawa."

Lambalamba hawakuja. Obadia alipiga simu akiwa palepale nje, nilimsikia kupitia dirishani, akawaambia wasipande gari.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yalinyooka. Mzee Nzunda alianza dawa wiki ile, lakini mwili ulikuwa umeshachelewa. Mguu wa pili ukafuata, na akafa kahawa ikiwa bado mbichi mitini. Kaburi lilichimbwa na Yotamu na vijana wa ukoo, ndani ya shamba walilokuwa wakigombea. Yotamu akawa mgonjwa wangu. Alikuwa mtiifu kuliko wote, alikuja kila kliniki, akala alichoambiwa, akaacha pombe. Pamoja na hayo macho yalimzima. Nilimwandalia damu miaka mingi, na miaka ya mwisho ilikuwa inatoka karibu kama maji, akanifurahia sana nilipomweleza rangi yake, kwa sababu kuiona hakuweza.

Aliyekuwa anamleta ni Obadia. Alikuwa anatoka Tunduma na gari lake, anamshika baba yake mdogo mkono tangu mlangoni hadi kwenye kiti, anamkunjia shati. Wakati nafanya kazi yeye alisimama nje. Kila mara nilimwambia, "Baba, na wewe nikupime?" Kila mara alisema ana mzigo unamngoja mpakani.

Nimestaafu bila kuiona damu yake. Bado yuko Tunduma, na watu wanasema amekonda. Mashine mnayo, dawa mnazo, haichukui muda. Akija akasimama nje ya dirisha lenu, tokeni mkamkaribishe ndani.